Kufunga Mzigo wa Kabongo: Mafunzo Niliyopata Kwenye Ndege Ndogo

Ninafundisha wakunga, na kazi hiyo imenipeleka Kabongo, kaskazini mwa Haut-Lomami, jimbo la Kongo (DRC), kwa ndege ndogo kutoka Lubumbashi. Angani, Kabongo iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Lubumbashi na kama 170 kutoka Kamina, mji mkuu wa jimbo. Kwa barabara, mvua za Oktoba hadi Aprili zikishika, hakuna dereva atakayekuahidi siku ya kufika. Basi unapanda ndege, na ndege ina masharti yake.

1. Abiria mzito kuliko wote ni mafuta

Cessna Caravan hunywa takriban lita 190 kwa saa, yaani kilo 150 hivi. Viwanja vya vijijini havina pampu, kwa hiyo hata mafuta ya kurudia yanaondoka nawe asubuhi. Kwenda Kabongo na kurudi Lubumbashi ni zaidi ya kilo 500, kabla rubani hajaweka akiba. Kinachobaki ndicho mnachogawana: watu, dawa, mifuko.

Jua likipanda, kinapungua tena. Kamina, kwa mfano, iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 32 hewa inakuwa nyepesi, na ndege inahangaika kupaa kana kwamba kiwanja kiko karibu mita 2,000. Njia ya udongo nayo hairefuki kwa ajili yako. Rubani anaposema tuonane saa kumi na mbili alfajiri, anatafuta kilo.

2. Utapimwa wewe na mfuko wako

Kwenye ndege kubwa hupimwa sanduku. Hapa unapimwa na viatu vyako, koti, simu na chupa ya maji mkononi. Nilimwona mama mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akisita mbele ya mizani huku foleni nzima ikimtazama. Rubani akaigeuza karatasi yake ili wengine wasione, akamwambia taratibu: "Mama, usione haya. Hii namba ni ya ndege."

Ni ya ndege kweli. Ndiyo inayoamua nani akae mbele na nani nyuma, maana uzito ukilundikana mkiani chombo hakiongozeki. Abiria tisa wakificha kilo tano tano, hizo ni kilo 45: uzito wa mtu mzima mwembamba ambaye hakuna aliyemhesabu. Jambo hili hunikera. Anayemnong'oneza kijana wa mizigo amwongezee "kifuko kimoja tu" anacheza na roho za wenzake.

3. Mfuko laini

Ndege ndogo za mbugani Kenya na Tanzania mara nyingi huruhusu kilo 15. Zile za kibinadamu za Umoja wa Mataifa, UNHAS, huruhusu 20. Sanduku gumu la magurudumu, likiwa tupu, limeshakula kilo tatu au nne, na halikunjiki kupita kwenye kijimlango cha sehemu ya mizigo iliyo chini ya tumbo la Caravan. Chukua begi la kitambaa.

4. Beba kinachojazwa huko

Hili ndilo lililobadilisha kazi yangu. Kumfundisha mkunga kumwamsha mtoto aliyezaliwa bila kupumua kunahitaji mwanasesere wa kufanyia mazoezi. Wengi wao ni wazito, na kila mmoja ana sanduku lake. NeoNatalie, aliyetengenezwa na Laerdal ya Norway na kutoka mwaka 2010, husafiri akiwa mtupu, amekunjwa bapa kama shati. Ukifika unamjaza lita mbili za maji ya uvuguvugu.

Maji hayo nimeyachota kwenye ndoo ya wodi yenyewe. Mkunga anaukamata mwili laini, shingo inalegea, kichwa kinaanguka upande kama cha mtoto halisi, naye bila kuambiwa anapeleka kiganja chini ya kisogo. Mafunzo yanaanzia hapo, na uzito uliofundisha ulikuwa Kabongo tayari. Jioni maji yanamwagwa.

Tangu hapo kila kitu ninachotaka kufunga nakiuliza swali moja: je, sehemu yake nzito ipo kule? Maji yapo, meza ipo, ubao upo. Karatasi za mafunzo ninazipeleka kwenye kijiti cha kumbukumbu, na nakala chache tu za kubandika ukutani.

Kilo zinazookolewa zina mwenyewe. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo inasafiri na kisanduku chake cha baridi. Kilo moja ya ampuli hizo, pamoja na vikasha vyake, inatosha akina mama zaidi ya 100. Mimi siwezi kuweka jozi ya tatu ya viatu mbele ya hiyo.

5. Vitenge viwili

Kimoja kiunoni, kimoja begini: shuka, taulo, pazia la kuogea, mto. Ongeza chandarua, taa ya kichwani, dawa zako mwenyewe, ndala. Betri za simu kaa nazo mkononi, usizitupe chini na mizigo.

6. Uwaachie wenyeji wakulishe

Kumfikia mwenyeji na makopo yako ni kumwambia humwamini. Kabongo ni nchi ya bukari, sombe na mawese, na Ziwa Boya lina samaki. Ukitaka kubeba kitu, beba pesa nzuri: faranga ndogondogo za sokoni, na dola zisizo na mpasuko hata wa ukucha, kwani iliyochanika hakuna atakayeipokea.

7. Kizito kina njia yake

Reli ya kutoka Kamina kwenda Kabalo, iliyokamilika mwaka 1956, inapita Kabongo. Vitanda vya kujifungulia, magodoro, mabati: hivyo ni vya treni, vikitumwa mapema sana na mtu wa kuvipokea stesheni akijulikana kwa jina. Anayefunga godoro kwa kamba na kuja nalo kiwanjani anawachelewesha wote.

8. Hesabu kiti cha kurudi

Watu hupunguza mzigo wa kwenda, kisha wanarudi na galoni za mawese, kuku na mahindi. Ninaelewa, zawadi haikataliwi. Lakini ndege inayorudi Lubumbashi ndiyo gari la wagonjwa la eneo hilo. Imewahi kutokea tukiwa tayari tumefunga mikanda, akaletwa mama juu ya machela, uchungu wake ukiwa wa siku ya pili. Viti viwili vikang'olewa, mifuko ikashushwa, mizani ikarudiwa, na ikabidi mmoja wetu abaki.

Siku hizi, kabla ya kuondoka, mwanasesere na mabango vinabaki wodini na wakunga, nami ninamwambia rubani mapema: akihitajika mtu wa kushuka, aanze na mimi. Zawadi ya mawese namwomba mwenyeji anitumie kwa treni.