Kuvuja mkojo kuna tiba



Wako akina mama walioacha kwenda jumuiya na sokoni kwa sababu nguo zao hulowa mkojo. Hunyamaza kwa aibu. Wengine hudhani wamerogwa. Mwezi huu tujifunze kwamba kuvuja mkojo ni ugonjwa, tena si wa aina moja. Tuangalie aina mbili.

1. Mkojo unaotoka bila kukoma

Ukimpata mama baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula. Kichwa cha mtoto kimebana nyama za njia ya uzazi kwenye mifupa mpaka zikafa, na tundu limebaki kati ya kibofu na uke. Likigunduliwa mapema likiwa dogo, huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. La sivyo, hushonwa kwa upasuaji. Kwetu Bariadi, Hospitali ya Bugando, Mwanza, hutoa huduma hiyo.

2. Mkojo unaobana ghafla

Hapa misuli ya kibofu hujikaza yenyewe, mgonjwa asiwahi choo. Huwapata wanawake na wanaume, hasa walioumia uti wa mgongo. Kwanza apimwe maambukizi ya mkojo na kisukari. Apunguze chai na kahawa, azoeze kibofu kusubiri kidogo kidogo, na daktari aweza kumpa vidonge.

Vikishindikana, ipo sindano ya botulinamu. Hii ni sumu ya bakteria, ile ile iwezayo kumwua aliyekula chakula cha kopo kilichoharibika. Kwa kipimo kidogo sana, daktari bingwa huichoma kwenye ukuta wa kibofu, na misuli hulegea. Marekani iliikubali mwaka 2011 kwa kibofu kilichoathiriwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na 2013 kwa wagonjwa wengine. Nguvu yake hudumu miezi sita hivi, kisha hurudiwa. Wengine hushindwa kukojoa kwa muda, wakahitaji mpira. Wala sindano hii haizibi fistula.

Tukumbuke

Mgonjwa asijinyime maji; mkojo mzito huwasha na kunuka zaidi. Uchungu usipite siku nzima nyumbani.

Nawe baba, usiulize nani kamroga mkeo. Muulize: mkojo ulianza kutoka lini, na unatokaje? Kisha mpeleke hospitali na majibu hayo. Hata daktari ataanzia hapo.