JE, ALIYEKIMBIA NI MWOGA?

Somo la mwezi: Ujasiri wa Mkristo wakati wa hatari
Masomo: Danieli 3:13-18, Mathayo 10:16-31, Matendo 12:1-17
Mstari wa kukariri: 2 Timotheo 1:7 (kila mmoja aukariri katika Biblia ya lugha yake)



Katika ushauri wa kichungaji kuna swali linalorudi mara kwa mara. Baba mmoja analiuliza kwa sauti ya chini, mama mwingine analiuliza akilia: “Mchungaji, kama kweli nilikuwa na imani, kwa nini nilikimbia? Wenzangu walibaki wakafa. Mimi niko hai Kampala. Je, mimi ni mwoga mbele za Mungu?” Wengine wameambiwa hivyo na ndugu zao waliobaki nyumbani. Wengine wamesikia mahubiri kwamba mwenye imani ya kweli hakimbii. Na wajane wameambiwa jambo baya zaidi, kwamba waume zao waliuawa kwa sababu hawakuomba vya kutosha.

Swali hili si dogo. Mtu anayejihesabu mwoga hawezi kusimama tena kuimba, wala kushuhudia, wala kulea watoto wake kwa furaha. Kwa hiyo tulichunguze kwa Neno la Mungu, na kwa mfano wa watu waliopita katika moto huo huo katika nchi hii iliyotupokea.

1. USHUHUDA WA JANANI LUWUM

Kila tarehe 16 Februari Uganda inapumzika kazi. Tangu 2015 siku hiyo ni sikukuu ya taifa ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum. Wengi wetu tunafurahia mapumziko bila kujua habari yake.

Luwum alizaliwa 1922 Mucwini, upande wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1948 aliokoka, akaingia katika utumishi, na 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Angalieni neno hilo, Boga-Zaire. Boga ni kwetu Ituri. Kwa hiyo huyu hakuwa mchungaji wa Waganda peke yao. Ndugu zetu wa Boga nao walikuwa kondoo zake.

Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Idi Amin. Watu walichukuliwa usiku wasionekane tena. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwa askofu mkuu, pale Namirembe, wakapekua wakitafuta silaha. Hawakuzipata. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua. Hawakutukana wala hawakuita watu vitani. Walieleza waziwazi juu ya upekuzi ule na juu ya mauaji na mateso ya raia, wakatia sahihi majina yao.

Tarehe 16 Februari waliitwa kwenye hoteli ya Nile Mansions, Nakasero, mahali ambapo leo pana hoteli ya Serena. Si mbali na hapa Wandegeya, mtu anafika kwa miguu. Mbele ya askari wengi, yeye na wenzake walishtakiwa kwamba wanataka kupindua serikali. Maaskofu wengine wakaruhusiwa kwenda nyumbani, yeye akabakizwa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Lakini mwili ulipofikishwa Mucwini kwa maziko, watu waliona matundu ya risasi.

Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, karibu na kaburi la Askofu Hannington aliyeuawa Busoga 1885. Mwili haukuletwa. Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu ya watu walikuja kanisani hata hivyo, huku wakijua hatari. Walisimama wakiimba karibu na kaburi tupu. Mkristo akiona kaburi tupu anakumbuka nini? Soma Luka 24:1-6.

2. HOFU SI DHAMBI

Mtu asidhani kwamba waliokuja siku ile hawakuogopa. Daudi anakiri katika Zaburi 56 kwamba anaogopa, na siku ile ile ya kuogopa anamtumaini Mungu. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba alifika kwao akitetemeka (1 Wakorintho 2:3). Na Bwana wetu mwenyewe katika Gethsemane alifadhaika sana (Marko 14:33-34).

Basi, mama unayeshtuka mlango ukigongwa usiku, wewe hujamkana Kristo. Mtoto anayejificha chini ya kitanda akisikia baruti za sikukuu hana pepo. Amekumbuka yale masikio yake yaliyosikia kule nyumbani. Tumwombee, tumshike mkono, na kama hali inaendelea tumpeleke kwa daktari. Hospitali ya Mulago iko hapa juu yetu.

Ujasiri ni kutoiachia hofu iamue utafanya nini. Hofu inaweza kupanda gari pamoja nawe. Usiipe usukani.

3. IMANI HAISHIKI MATOKEO, INAMSHIKA MUNGU

Katika Danieli 3 wale vijana watatu walimjibu mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa. Kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawataisujudia sanamu. Hapo ndipo penye mzizi wa ujasiri wa Mkristo. Hawakujua kama watatoka wazima. Walijua wao ni wa nani.

Halafu soma Matendo 12. Herode anamuua Yakobo kwa upanga. Kisha anamkamata Petro, na malaika anamtoa gerezani. Kanisa ni lile lile, Bwana ni yule yule. Je, Yakobo alikuwa na imani ndogo kuliko Petro? Hapana. Luka hasemi hivyo, wala sisi hatuna ruhusa ya kusema hivyo juu ya wafu wetu. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi, karibu na mpaka wa Uganda, waumini wakiwa katika ibada ya ubatizo. Zaidi ya watu 10 walikufa. Walikufa wakimwabudu Mungu. Mtu asithubutu kuwaambia ndugu zao kwamba imani ilipungua.

4. KUNA ALIYEITWA KUBAKI, NA KUNA ALIYEITWA KUONDOKA

Sasa tunarudi kwenye swali letu. Kati ya maaskofu waliokuwapo Nile Mansions siku ile alikuwamo Festo Kivengere, askofu wa Kigezi. Siku chache baada ya kifo cha Luwum, alipoonywa kwamba anatafutwa, yeye na mke wake Mera walivuka milima usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Askofu mzima akawa mkimbizi kama mimi na wewe.

Luwum alibaki akafa. Kivengere alikimbia akaishi. Nani kati yao alikuwa shujaa? Kivengere aliendelea kuhubiri duniani na kusaidia wakimbizi wa Uganda. Mwaka ule ule alitoa kitabu ambacho jina lake linasema kwamba anampenda Idi Amin. Alimaanisha kwamba Kristo aliyewasamehe waliomsulubisha hakumwachia yeye nafasi ya kuchukia. Amin alipoanguka 1979, Kivengere alirudi Kigezi kwa kondoo zake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mwoga.

Wazee walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini Biblia inakwenda mbali zaidi. Yesu mwenyewe aliwaagiza wanafunzi wakiteswa mji mmoja wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23). Paulo alishushwa ukutani ndani ya kapu (Matendo 9:25). Yosefu alimchukua mtoto Yesu usiku akakimbilia Misri (Mathayo 2:13-14). Kama Yosefu angebaki Bethlehemu ili aonekane shujaa, je, ingekuwa imani hiyo, au kumjaribu Mungu?

Lakini tusigeuze jambo hili kuwa kibali cha kutoroka kila wajibu. Mchungaji wa mshahara naye anakimbia mbwa mwitu akija (Yohana 10:12-13). Tofauti ni nini? Jiulize mambo matatu:

(a) Je, nikiondoka ninawaacha watu wanaonitegemea mdomoni mwa mbwa mwitu, au ninawaokoa?
(b) Je, nikibaki kuna mtu atakayelindwa, au ninatafuta sifa tu? Christophe Munzihirwa, Askofu Mkuu Mkatoliki wa Bukavu, alibaki mjini akiwatetea raia na wakimbizi, akauawa tarehe 29 Oktoba 1996. Kubaki kwake kulikuwa kwa ajili ya watu.
(c) Je, ninaondoka na Kristo, au ninamwacha nyuma ili nipone?

Mama aliyebeba watoto wanne kutoka Rutshuru hadi Bunagana amejibu maswali haya kwa miguu yake. Dada, inua kichwa chako.

5. UJASIRI WA LEO, HAPA TULIPO

Hapa Kampala hatari zetu zina sura nyingine, na zinahitaji ujasiri ule ule.

Kuna ujasiri wa kusema kweli. Wapo watu wanaouza nafasi za kwenda nchi ya tatu, na wapo wanaokuuzia kesi ya mtu mwingine ukaisome kama yako siku ya mahojiano. Ukiwa umengoja miaka 10, jaribu hilo ni kubwa. Lakini maaskofu wale walitia sahihi ukweli wakijua gharama yake. Wewe nawe sema kweli yako, hata kama ni fupi.

Kuna ujasiri wa kutolipiza. Katika soko la Wandegeya unaweza kukutana uso kwa uso na mtu wa kabila lililochoma kijiji chenu. Yeye si kijiji kilichochomwa, wala si bunduki. Msalimie.

Na kuna ujasiri wenye busara. Bwana alisema tuwe na akili kama nyoka (Mathayo 10:16). Usitangaze hovyo mahali jirani yako anapolala. Ukitishiwa, usikae kimya peke yako. Toa taarifa polisi na Ofisi ya Waziri Mkuu, na uwaambie wazee wa kanisa. Kuomba na kutoa taarifa havipingani.

MWISHO

Mwaka 1896 Mganda mmoja, Apolo Kivebulaya, alivuka kwenda Boga kupeleka Injili. Alipigwa akafungwa, lakini hakuacha. Alifia huko 1933, akaomba azikwe kichwa kikielekea msitu wa Kongo, kwa maana kazi ilikuwa haijaisha. Leo sisi Wakongo tumevuka kuja upande wake. Hatukuja mikono mitupu, tumekuja na imani ile ile aliyotupelekea. Tuiishi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Ni hofu gani inayoshika usukani wa maisha yako mwezi huu?
2. Soma tena Matendo 12. Tungemwambia nini mama yake Yakobo?
3. Je, kuna mtu kambini au hapa mjini anayejiona mwoga kwa sababu alikimbia? Nani atamtembelea wiki hii?

TUOMBE

Bwana Yesu, wewe uliyekuwa mkimbizi Misri na shahidi Yerusalemu, wafariji waliobaki na waliokimbia. Ondoa aibu isiyotoka kwako. Tupe kusema kweli, kusamehe, na kusimama. Amina.