Wakala anauza udhamini wa viza

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nipo Mwanza. Wakala anataka milioni nane anipatie barua ya udhamini wa kazi Uingereza. Nilipe?

JIBU: Usilipe, dada yangu, hata kianzio. Cheti cha udhamini hutolewa na mwajiri mwenye leseni ya serikali ya Uingereza, na sheria ya huko inakataza wakala kumtoza mtu pesa ili amtafutie kazi. Wauguzi wamefika huko na deni shingoni wakakuta kazi haipo. Hilo linaniuma.

Tanzania imo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza: kwa kuwa tuna upungufu wa wauguzi, waajiri hawaruhusiwi kuja kututafuta. Wewe mwenyewe unaweza kuomba moja kwa moja kwa hospitali iliyotangaza nafasi. Basi huyo wakala anafanya nini hapo?

Anza na usajili. Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, litataka uthibitisho kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa hiyo leseni yako iwe hai. Kiingereza ndicho huwakwamisha wengi: mtihani wa IELTS Academic unadai alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, 6.5 katika kuandika. Kisha kuna mtihani wa kompyuta, ambao hulazimiki kuufuata Uingereza. Ule wa vitendo, OSCE, hufanyika Uingereza tu, na hospitali nyingi humwandaa muuguzi baada ya kumwajiri.