Fiziotherapia Nyumbani kwa Mgonjwa wa Kiharusi: Saa Moja ya Mtaalamu, Wiki Nzima ya Familia

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitali, ndugu zake hupokea mambo mengi kwa siku moja: dawa, kadi ya kliniki, tarehe ya kurudi, na mtu ambaye juzi alikuwa akilima shamba lake na leo hawezi kugeuka kitandani bila kusaidiwa. Katika kaya nyingi huaminika kwamba hapo matibabu yamekwisha na kilichobaki ni uangalizi. Somo hili linahusu sehemu ya matibabu ambayo ndiyo kwanza inaanza, yaani fiziotherapia inayotolewa nyumbani, na namna familia inavyoweza kuifanikisha au, bila kukusudia, kuiharibu.

Kiharusi hutokea pale damu inaposhindwa kufika vizuri katika sehemu ya ubongo, kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka. Mkono na mguu uliolegea haukuumia wenyewe; kilichoumia ni sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiviamuru viungo hivyo. Seli zilizokufa hazirudi. Hata hivyo, sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza kazi hiyo upya, nazo hujifunza kwa njia ile ile mtoto anayojifunzia kutembea: kwa kurudia tendo mara nyingi, kila siku. Kumkanda mgonjwa kwa mafuta humpa faraja, lakini hakuufundishi ubongo kazi hiyo. Maendeleo huwa ya haraka zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, ingawa hayakomi hapo. Familia inayoitumia miezi hiyo kumtafuta aliyemroga mgonjwa hupoteza wakati ambao ni vigumu kuufidia.

Wiki ina saa 168. Mtaalamu wa fiziotherapia akimtembelea mgonjwa mara moja kwa wiki na kukaa naye saa moja, hubaki saa 167 ambazo mgonjwa yu mikononi mwa mke, mume, watoto na wajukuu. Kwa hiyo mtaalamu anapobisha hodi, shabaha yake si kumfanyisha mgonjwa mazoezi tu na kuondoka. Amekuja kuifundisha kaya.

Uchukuliwe mfano wa mzee wa miaka 62 aliyepooza upande wa kulia. Baada ya kumwamkia, mtaalamu hupima nguvu za mkono na mguu, hutazama anavyokaa, kisha huuliza, “Mzee wangu, ni jambo gani ungependa kuliweza kwanza?” Mzee hujibu kwamba anataka kwenda chooni bila kubebwa na wanawe. Jibu hilo ndilo linalopanga mazoezi yote: kugeuka kitandani, kukaa ukingoni mwa kitanda, kusimama, kupiga hatua chache, kuvuka kizingiti. Mazoezi yenye shabaha ambayo mgonjwa mwenyewe anaitamani hayahitaji kulazimishwa sana.

Wakati mazungumzo yakiendelea, binti wa mzee analeta uji na kuanza kumnywesha kwa kijiko. Mtaalamu anamwomba ampe baba kijiko akishike mwenyewe, mkono wake ukisaidiwa pale unaposhindwa. Binti anashtuka. “Nami nipo, nimwache baba yangu ahangaike?”

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Katika malezi yetu, kumtumikia mzazi ni heshima, na kumwacha mzee amwage uji mbele ya wageni ni aibu kwa nyumba nzima. Lakini kiungo kisichotumiwa husahaulika. Mkono unaopumzishwa kwa upendo kwa miezi miwili hukakamaa, vidole hujikunja, na ubongo huacha kabisa kuutafuta. Mtaalamu mwenye busara hamkemei binti huyo. Humweleza kwamba bado anamtumikia baba yake, ila sasa kwa subira: kusubiri dakika 20 kijiko kifike mdomoni, na kusaidia pale tu baba anaposhindwa. Pengine hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika fiziotherapia ya nyumbani, wala haihitaji kifaa chochote. Sharti moja lizingatiwe: mgonjwa ale na kunywa akiwa amekaa wima, kwa vijiko vidogo. Akipaliwa mara kwa mara, kituo cha afya kipewe taarifa mapema, kwani chakula kikiingia katika njia ya hewa huweza kuleta homa ya mapafu.

Kosa la pili linalotendwa kwa nia njema ni kumvuta mgonjwa kwa mkono uliolegea. Misuli inayolishikilia bega imepoteza nguvu, hivyo mvuto mmoja wa ghafla waweza kulitoa bega mahali pake na kuleta maumivu ya miezi mingi. Asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapani pia. Kanga iliyokunjwa na kufungwa imara kiunoni hutosha kuwa mshikio. Mgonjwa asogee mbele kitini, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele, kisha asimame, huku msaidizi akiishika kanga kutoka upande uliolegea. Anapohama kutoka kitandani kwenda kitini, kiti kiwekwe upande wenye nguvu.

Kwa asiyeweza kujigeuza, ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na ngozi ya matako, nyonga na visigino ikaguliwe kila siku. Wekundu au weusi usiofifia ni mwanzo wa kidonda. Mkono uliolegea uegemezwe juu ya mto badala ya kuachwa uning'inie. Maji ya moto na chupa za moto zisitumike upande huo: mgonjwa huenda asihisi joto, akaungua bila kulalamika.

Vifaa vinavyohitajika si vya gharama. Miti miwili iliyosimikwa uani sambamba, usawa wa nyonga, humpa mgonjwa mahali salama pa kujifunzia hatua. Fundi seremala anaweza kukata tundu katika kiti imara na ndoo ikawekwa chini yake, mzee akajisaidia bila kuchuchumaa. Mkongojo ushikwe kwa mkono wenye nguvu, na mpini wake ufike usawa wa kifundo cha mkono mtu anaposimama wima. Kwenye ngazi, mguu wenye nguvu hutangulia kupanda na mguu uliolegea hutangulia kushuka.

Mtaalamu akiondoka huacha mazoezi machache, na ni vema yaandikwe katika daftari la kawaida la shule: zoezi gani, mara ngapi, na mgonjwa aliweza kiasi gani. Mjukuu wa darasa la sita anaweza kulitunza vizuri, na mara nyingi hulitunza kuliko watu wazima. Ziara inayofuata huanzia kwenye daftari hilo.

Zipo hali ambazo mazoezi husimamishwa na mgonjwa kukimbizwa hospitali: mdomo kwenda upande, udhaifu mpya wa mkono, maneno kuvurugika, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Shavu la mguu likivimba na kuuma, lisikandwe hata kidogo, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa na kulikanda kukaisukuma kuelekea mapafuni. Dawa za shinikizo la damu nazo zisiachwe kwa sababu mgonjwa “anaendelea vizuri”. Kiharusi cha pili huweza kufuta yote yaliyopatikana.

Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache kuliko mahitaji, na si kila mgonjwa atatembelewa kila wiki. Mwenye mgonjwa aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili apewe rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, au awasiliane na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chake. Aulize mapema kama ziara za nyumbani zipo na gharama yake. Malipo ya huduma za Serikali yafanywe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti itolewe. Anayedai fedha mkononi asipewe. Siku ya miadi ndugu afike na kadi ya kliniki, dawa zote zinazotumika pamoja na lile daftari, na aje yule anayemhudumia mgonjwa kila siku, hata kama si mkubwa wa familia.