Dondoo muhimu: Kadi za wachezaji zenye sura ya zamani

Kwa mkusanyaji wa Kabezi, Burundi, maadui wakubwa ni wawili: unyevu wa ziwa na haraka ya kununua.

1. Geuza kadi kabla ya kutoa pesa, usome mwaka kwenye maandishi madogo ya nyuma; sura ya zamani si umri.
2. Beba rula. Kadi halisi za besiboli za Topps za 1952 zina takriban milimita 67 kwa 95. Topps Heritage, zilizoanza 2001 kwa kuiga muundo huohuo, ni 64 kwa 89. Muuzaji anayekataa upime, mwache.
3. Anza na wanasoka wa kwetu: Saido Berahino akiwa West Bromwich Albion, Mohamed Tchité akiwa Anderlecht. Kadi zao zina thamani kwetu hata zikiwa rahisi sokoni.
4. Nawa mikono, uikaushe. Mafuta ya mawese au ya ndagala yakiingia kwenye karatasi hayatoki.
5. Usifunge kadi kwa mpira wa noti, usizibandike gundi, na kamwe usipige laminesheni.
6. Zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na ukuta na sakafu, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyotoka kwenye masanduku ya viatu.