Biashara ya Hewa Ukaa: Uliza Kabla ya Kuweka Dole Gumba



Msimu uliopita, kwenye chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Daktari, hawa wanaonunua hewa yetu, wakishaichukua sisi tutavuta nini?" Wenzake wakacheka. (Mimi si daktari, nina astashahada tu, lakini bomani kila anayeshika sindano ni daktari.) Swali lake lilikuwa na uzito. Kijijini kwao watu waliitwa kwenye kikao, wakala nyama, wakasaini karatasi ya mahudhurio. Baadaye wakasikia kwamba kijiji kimekubali mradi.

Kinachouzwa ni nini?

Hakuna anayebeba hewa. Nyasi zinapokua huvuta hewa ukaa kutoka angani, na mizizi yake inapooza, sehemu ya kaboni hubaki udongoni. Ardhi ikilishwa mpaka ikabaki wazi, mizizi hufa na udongo huenda na upepo na maji. Wenye mradi husema: lisheni kwa zamu, nyasi zipumzike, kaboni itaongezeka. Kwa kila tani moja ya hewa ukaa iliyohesabiwa hutolewa cheti. Cheti hicho hununuliwa na kampuni ya mbali, mara nyingi ya Ulaya au Marekani, ili ihesabu kwamba imefidia moshi wake. Kampuni inaweza kuendelea kutoa moshi. Anayebadilisha maisha ni wewe unayechunga.

Hapa tusimame kidogo. Ili vyeti vitolewe, mradi ni lazima uonyeshe kwamba kuna jambo limebadilika. Halipwi mtu kwa jambo ambalo angelifanya hata bila mradi. Lakini sisi tuna alalili tangu enzi za mababu, na malisho ya kiangazi hatuyagusi wakati wa masika. Kwa hiyo uliza: katika karatasi zao, ufugaji wetu umeandikwaje? Ukikuta umeandikwa kwamba wafugaji wanachunga ovyo bila mpango, hapo ndipo pato la mradi linapoanzia, na ndipo mtakapoambiwa mbadilike.

Yaliyotokea Kenya

Kaskazini mwa Kenya kuna mradi mkubwa wa kaboni ya udongo unaosimamiwa na shirika la Northern Rangelands Trust katika maeneo ya Waborana, Wasamburu, Warendile na wengine. Ulihesabiwa kuanza mwaka 2013, kwa miaka 30, juu ya karibu hekta milioni 2. Vyeti vyake vilisajiliwa na Verra, taasisi ya Marekani, na kampuni kubwa kama Netflix na Meta zilikuwa miongoni mwa wanunuzi.

Mwaka 2023 shirika la Survival International lilitoa ripoti likisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba wananchi walielezwa na kuridhia kabla mradi haujaanza, na kwamba utaratibu mpya wa kulisha unavunja ule wa wazee. Wasimamizi walikataa madai hayo. Verra ilisimamisha utoaji wa vyeti, ikachunguza, kisha ikaruhusu uendelee. Januari 2025 mahakama ya mjini Isiolo, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wenyewe, iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Biliqo Bulesa ilikuwa ndani ya mradi wa kaboni. Verra ikausimamisha tena.

Tazameni tarehe hizo. Hesabu za kaboni zilianza 2013, hukumu ikaja 2025. Kwa miaka 12 swali la nani aliridhia lilikuwa halijajibiwa.

Mifugo itakwenda wapi?

Hili ndilo lililo karibu na kazi yangu. Kulisha kwa zamu mvua ikiwa nzuri sina ugomvi nako. Hata kupe na minyoo hupungua eneo likipumzishwa. Shida ni mwaka mbaya. Mnaikumbuka 2009. Walionusuru ng'ombe ni waliohama mapema. Mkataba wa miaka 30 au 40 utakutana na miaka kama hiyo zaidi ya mara moja. Je, umeandikwa kwamba ukame ukija mnaruhusiwa kuhama, na nani anatangaza kwamba ukame umekuja? Wageni watakaokuja na ng'ombe wao kutoka kijiji cha jirani watapokelewa, au watafukuzwa na askari wa mradi? Mwaka huu wanakuja kwenu, mwaka ujao mnakwenda kwao.

Kuna pia ingati, ugonjwa wa nyumbu. Nyumbu wakizaa, ng'ombe wanapaswa kuwa mbali, maana ugonjwa huo hauna tiba. Ratiba ya zamu iliyopangwa ofisini inaweza kuwapeleka ng'ombe penye ndama wa nyumbu mwezi ule ule wa hatari. Ratiba yoyote ya malisho ipitieni na wazee na mtu wa mifugo kabla haijaandikwa kwenye mkataba.

Haki yako kisheria

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, wanawake na vijana wakiwemo. Mwenyekiti na mtendaji peke yao hawatoshi. Biashara yenyewe ina kanuni zake za mwaka 2022 chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, na kituo cha taifa cha kaboni kipo SUA, Morogoro. Mwekezaji aonyeshe kwamba anafahamika huko.

Simpingi kila mradi. Bonde la Yaeda, Wahadzabe walipata kwanza hati ya kimila ya ardhi yao, kisha wakalipwa kwa kulinda misitu. Hati ilitangulia.

Kwa hiyo, mkataba usomwe mkutanoni kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, sentensi kwa sentensi, na nakala ibaki kijijini siku za kutosha kabla ya kupiga kura. Ulizeni bei ya cheti na sehemu ya kijiji inakokotolewa kabla au baada ya gharama, maana gharama zinaweza kumeza kila kitu. Ulizeni mnatokaje mkichoka, na kesi itasikilizwa Tanzania au nje. Fedha za awali zikitolewa, ulizeni kama ni zawadi au mkopo utakaokatwa baadaye. Karatasi ya mahudhurio iwe na kichwa cha habari kinachosema hivyo, na muhtasari ukishaandikwa, piga picha kila ukurasa kwa simu siku hiyo hiyo.