TUCHEZE NA SAUTI PAMOJA NA WATOTO WETU

Wengi wetu tunaongea na mbuzi kuliko tunavyoongea na mtoto mchanga. Tunasema, "Huyu bado hajui kitu." Kumbe anasikia! Anaokota sauti zetu kidogo kidogo, kama kuku anavyookota punje.

Basi tumsaidie. Hakuna cha kununua, wala kazi haisimami. Tunaweza kucheza naye huku tunachambua mchele.

Mtoto wa miezi kama 7 akisema "ba-ba-ba", tumjibu, "ba-ba-ba". Halafu tunyamaze. Atasema tena. Hayo ni mazungumzo: mmoja anasema, mwingine anangoja zamu yake.

Akianza kutembea, tumwulize: Mbuzi analiaje? Mee! Paka je? Nyau!

Akifika miaka 4, tupige makofi kwa majina ya vitu. Pa-pa-i, makofi matatu. Nyu-mba, makofi mawili. Sisi tuliopita kisomo tunaujua mchezo huu. Ndivyo tulivyokata maneno ubaoni, wengine kwa jasho! Mtoto aliyezoea kuyakata kwa makofi, kusoma kutamwia rahisi zaidi. Tubadilishe na sauti ya mwanzo: paka, taka, kaka, shaka.

Watoto wakubwa wana mchezo wao wa kinyume. "Kalamu" inakuwa "mukala", "nyumba" inakuwa "mbanyu". Tusiwakemee tukidhani wanatusengenya. Pengine wanatusengenya kweli, lakini wanajifunza.

Mdogo akisema "tamaki", tusimcheke. Tumwambie, "Ndiyo, samaki. Samaki mkubwa!" Inatosha. Na kama nyumbani tunasema Kigogo au Kisukuma, tucheze kwa lugha hiyo hiyo.

Sasa, mchezo mmoja tunaomba usiuache. Tia maharage katika kopo. Simama nyuma ya mtoto asikuone, utikise. Je, anageuka? Tikisa upande wa pili. Asipogeuka, rudia siku nyingine pakiwa kimya. Kama bado hageuki, mpeleke zahanati. Hata akigeuka, lakini ametimiza mwaka mmoja na nusu na hasemi neno hata moja, mpeleke vilevile. Masikio yakitoa usaha, usingoje lolote. Wala tusitie mafuta au maji ya majani sikioni.

Tunasema hivi kwa sababu tulimjua mtoto mmoja aliyeitwa mkaidi. Akitumwa haendi. Akiitwa hageuki. Alichapwa mara nyingi, na sisi majirani tulisema, "Achapwe, atakuwa na adabu." Bibi yake ndiye aliyetikisa kopo. Kumbe masikio yote mawili yalikuwa na usaha wa siku nyingi. Alitibiwa, ila sikio moja halikupona sawasawa. Siku hizi baba yake, akitaka kumtuma, anamgusa bega kwanza, anachuchumaa mbele yake, ndipo anasema.